Lori la Ijumaa

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kumrudishia mama yangu majani ya chai mbele ya watu, na kumwita "mkulima" nilipokuwa nikimrudishia.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini. Kiwanda kilikuwa kimeniajiri kwa kandarasi ya msimu niwe karani wa kituo cha kununulia majani, kwenye kilima kimoja cha Nyamira, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Nyaramba. Kituo chenyewe ni paa la mabati juu ya nguzo, meza ndefu za mbao ambapo wakulima humwaga majani yakaguliwe, na mizani inayoning'inia kwenye boriti. Kwenye nguzo ya mbele palibandikwa picha kutoka kiwandani: majani mawili mororo na kichipukizi katikati. Hicho ndicho kilichotakiwa. Jani la tatu lilikuwa kosa, na la nne lilikuwa dharau.

Niliipenda picha ile kupita kiasi. Mimi ni mtu wa kuandika upya karatasi nzima kwa sababu herufi moja imeinama. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, nikaanza kujisomesha kwa vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini Kisii: uhasibu, kilimo, uchumi, chochote ambacho kurasa zake hazijang'oka. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu yake. Hajui ni nini asichokijua, kwa hiyo hukishikilia kwa meno kile kidogo anachokijua. Nilipopewa mwongozo wa ukaguzi wa majani niliukariri wote, pamoja na sentensi iliyosema kwamba karani asiwaite wauzaji kwa majina ya undugu anapokuwa mezani.

Jumatatu ya kosa lile afisa wa nyanjani, mwanamume mpole mwenye buti safi, alikuwa amesimama kando yangu kuona ninavyofanya kazi. Mama akafika na kikapu mgongoni, kipande cha gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu, akamwaga majani yake mezani. Nikaona jani la tatu. Nikaona na la nne, gumu, la kijani kilichoiva. Nilijua kwa nini. Lori la kiwanda halikuja Jumatano, halikuja Ijumaa, na majani ya chai hayana breki; mvua ikinyesha na mtu asichune, yanaendelea kukua. Nilijua yote hayo, na bado nikasema:

"Mkulima, haya yamepita kiwango. Siwezi kuyapokea."

Watu waliokuwa wakipiga soga wakatutazama. Jirani yetu, mjane Mkatoliki ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akageuka na kikapu chake.

"Mkulima? Aliyekubeba miezi tisa leo amebaki namba tu ya rejista?"

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kuona aibu kwa niaba ya mtu. Mama hakucheka, na hakugomba. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, ile haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kukua, inayowazuia kuvunjiana heshima mbele za watu. Mimi nilikuwa nimeivunja. Yeye akaishika kwa niaba yetu sote wawili. Akainama, akayarudisha majani kikapuni kwa viganja, polepole, bila kuacha hata moja.

"Mbuya, tata," akasema. Sawa, baba. Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wanapowapenda.

Afisa akaniandikia neno "hodari" kwenye kitabu chake. Nilijisikia vizuri kwa muda ule tu mama aliochukua kufika kwenye kona ya njia.

Jioni nilimkuta ameyamwaga yale majani chini ya migomba yawe mbolea. Alinipakulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akakaa kando na kuanza kushona kola ya shati langu la kazi. Nikaisukuma sahani kando.

"Kula," akasema. "Kazi ni kazi."

Sikumwomba msamaha siku hiyo. Nilikuwa bado naamini kwamba nilifanya lililo sawa kwa namna mbaya. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hata hilo lililo sawa halikuwa sawa.

Nieleze jinsi mambo yalivyokwenda pale. Majani yakishachunwa yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyohiyo. Yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka rangi kama bati lenye kutu, na chai yake haina ladha. Wakulima walikuwa wakifika kituoni saa sita mchana kama ilivyoagizwa. Lori lilitakiwa saa nane. Siku njema lilifika saa kumi. Siku za mvua lilikwama kwenye mteremko wa mtoni, kwa sababu barabara ni udongo mtupu, na wanaume waliitwa kulisukuma. Siku nyingine halikufika kabisa, na hakuna aliyetuma hata ujumbe. Majani yakiungua, kiwanda kiliniandikia mimi barua ya lawama. Nami niliwageukia akina mama na jani lao la tatu, kwa kuwa hao ndio walikuwa chini yangu. Sikuwa na ubavu wa kulikagua lori.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Ijumaa. Nyumba nyingi za upande wetu ni za Wasabato, na yetu ni mojawapo. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia. Mtu hachuni, hapimi, habebi, mpaka jua la Jumamosi lizame. Basi Ijumaa akina mama walianza kutazama magharibi kuanzia saa kumi na moja. Lori likichelewa, waliacha magunia yao chini ya ulinzi wa yule jirani Mkatoliki na kukimbia nyumbani.

"Haya, nendeni mkaimbe," alikuwa akiwaambia. "Niachieni dhambi zenu hapa, nitaziungama Jumapili pamoja na zangu."

Wao walikimbia. Mimi nilibaki. Karani haondoki mpaka majani yapakiwe, na mara nyingi nilikuwa nikipima gunia la mwisho kwa mwanga wa simu, nikisikia nyimbo za kufungua Sabato zikitoka nyumba za bondeni. Nilikuwa nikitubu huku nikiandika kilo. Nyumbani nilisema tu kwamba lori limechelewa. Mama hakuniuliza zaidi.

Baada ya miezi kama minne afisa alikuja na uso usiokuwa wa kawaida yake.

"Karani, kituo chako kinashuka Ijumaa. Siku nyingine kilo ni nzuri, Ijumaa ni nusu. Watu wanauza soko huru."

Soko huru ndilo jina tunalowaita wale wanunuzi wa barabarani wanaokuja na pikapu, hawakagui sana, wanalipa papo hapo bei ya chini, na kwenda zao. Kiwanda kilikataza. Mkulima akipatikana, anafutwa kwenye rejista: namba yake inakufa, hapewi mbolea, hana haki ya malipo ya mwisho wa mwaka. Kwa mjane mwenye chai kidogo, kufutwa ni kama kung'olewa mashina yote kwa siku moja.

"Niandikie majina," afisa akasema. "Yote. Nataka Ijumaa ya wiki ijayo."

Sikuhitaji kufanya uchunguzi. Rejista ilikuwa mkononi mwangu. Kwa miezi miwili mama yangu alileta majani Jumatatu na Jumatano, na Ijumaa hakuleta. Nilikuwa nimeliona hilo na kuliruka kwa macho, mimi nisiyeweza kuruka hata nukta. Sasa nilikuwa na wiki moja ya kuchagua kati ya kuandika orodha ya uongo na kumfuta mama yangu kwa kalamu yangu mwenyewe.

Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne, Jumatatu asubuhi, nilimfuata shambani. Alikuwa na akina mama wenzake wanne, pamoja na yule jirani. Hao ni egesangio, kikundi cha kusaidiana kazi: leo wanachuna kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayechuniwa halafu akakosa kwenda kwa mwenzake. Kuna kanuni moja tu, haijaandikwa popote, kwamba kikundi hakimwachi mtu na shamba lake likiwa limeharibika.

Nikachukua kikapu, nikaingia mstari wa pembeni. Nilichuna kama picha ya kwenye nguzo: majani mawili, kichipukizi, nakagua, natia kikapuni. Walikuwa wamefika mwisho wa mstari mimi nikiwa bado kwenye mashina ya kwanza.

"Karani," jirani akaniita, "hiyo chai unaichuna au unaiposa?"

Wakacheka mpaka mama akalazimika kushika kiuno. Nilicheka pia. Kisha nikamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini kuhusu orodha. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema, mikono yake ikiendelea kuchuna.

"Mama, yule wa pikapu anawapunja. Mizani yake nimeiona. Imekula kila mtu."

Jirani alikuwa amesikia, maana masikio yake yana kasi kama mdomo. "Anatupunja, ndiyo. Lakini anatupunja mapema! Saa nne asubuhi amekwisha kutupunja, tunaenda zetu nyumbani kupika. Nyinyi mnangoja jua lizame ndipo mtupunje."

Wenzake wakacheka tena, lakini mama hakujiunga nao. Alingoja wenzake wasonge mbele, kisha akasema, bila kunitazama:

"Mimi si bei, na si kungoja. Nimengoja mengi. Nikileta majani kwako Ijumaa, lori linachelewa, na wewe unaingia Sabato ukiwa umeshika mizani. Nilikuwa nakaa nyumbani nikiimba, najua mwanangu yuko kule anapima majani yangu. Nikasema angalau yasiwe yangu."

Nilisimama pale na kikapu chenye majani kiganja kimoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshawishi, hata nilikuwa nimeyaandika. Hakuna hata moja lililofaa. Nilimwambia tu kwamba siku ile ya mezani nilimkosea. Akasema, "Hiyo tulishakula ikaisha." Kisha akaninyang'anya kikapu kwa sababu nilikuwa namchelewesha.

Jioni yake niliwaeleza egesangio agizo la afisa, nikilifasiri kwa Ekegusii neno kwa neno. Nilidhani wataniomba nifiche majina. Walinong'onezana, halafu mama mmoja aliye mzee kuliko wote, mong'ina wa kikundi, akauliza:

"Wanataka majina ya waliouza?"

"Ndiyo, mong'ina."

"Basi andika yetu yote. Na waliouza mara moja pia. Na wa ng'ambo ya mto, nitawaambia mwenyewe. Mtu asiandikwe peke yake."

Nilipinga. Nilisema ni hatari. Mama yangu akasema, "Wewe andika vizuri, hilo unaliweza."

Kwa hiyo niliandika vizuri. Majina ya wote waliokubali, na hawakupungua robo tatu ya kituo, nikianza na la mama kwa sababu sikutaka mtu aseme nilimficha katikati. Kando ya majina nikaongeza safu nyingine niliyoitoa kwenye daftari langu la kituo, maana huwa naandika kila kitu hata kisichoulizwa: kila Ijumaa tangu nianze kazi, na saa ambayo lori lilifika. Penye Ijumaa ambazo halikufika niliandika "halikuja". Sikuongeza maoni. Nilirudia ukurasa ule mara sita.

Tuliitwa kiwandani, mimi na kamati ya kituo, ambayo jirani yetu alikuwa mjumbe wake. Meneja alitupokea ofisini, mtu mwenye uchovu wa kweli usoni.

"Niliagiza majina," akasema. "Hii safu ya saa ni ya nini?"

"Ni saa za lori, bwana."

"Hukuulizwa saa."

"Sikuulizwa, bwana." Nikamwonyesha safu ile kwa kidole. "Lakini ukisoma majina bila saa, utafikiri ni watu wakorofi."

Akasoma tena. Alipofika mwisho jirani akamwambia, "Mogaka, mzee wetu, ukitufuta sisi wote, kule kilimani utabaki na mizani. Utapima upepo."

Meneja hakukasirika. Alivua miwani, na kwa mara ya kwanza nikasikia mtu wa ofisi akieleza jinsi mambo yalivyo. Mwenye lori alilipwa kwa siku, afike saa nane au afike giza likiwa limeingia. Mkataba wake ulitiwa saini juu zaidi ya yeye meneja. Na barabara haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa ya ofisi ya barabara. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa ameandika barua mpaka akachoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye hiyo ofisi ya barabara. Nilivaa shati lenye kola mpya. Karani wa pale alinisaidia kwa moyo, akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akasimama.

"Hii imekwisha. Iliwekwa changarawe."

"Yetu? Ya mteremko wa mtoni?"

"Ndiyo hii hapa. Imekamilika."

"Umewahi kufika kule, ndugu?"

Akatabasamu kwa huzuni. "Kijana, mimi ni wa mafaili."

Nilirudi kwa miguu sehemu ya mwisho, juu ya ile changarawe ya kwenye karatasi, viatu vikiwa mkononi. Sikuwa na hasira naye. Nilijiona mimi nikiwa na picha yangu kwenye nguzo. Yeye alikuwa na daftari lake, meneja alikuwa na barua zake, na kila mmoja wetu alikuwa akifanya sehemu yake bila doa, huku majani yakiungua.

Nimesoma vitabu vingi zaidi tangu wakati huo, vingine nusu nusu kwa sababu kurasa zilikuwa zimeng'oka, na ninaamini mambo machache ambayo sitaki kuyapamba. Chai yetu inauzwa mbali sana, na kiwanda kwenye karatasi ni cha wakulima. Lakini mwenye kiwanda hawezi kuuliza lori lake liko wapi. Sheria inamwadhibu mama kwa jani moja na haimwadhibu mwenye lori kwa kuchelewa saa nne. Ningetaka mwenye lori alipwe kwa mzigo uliofika ukiwa mbichi, na karatasi yake ya malipo itiwe saini kwanza kituoni, na watu waliomngoja. Ningetaka pesa za barabara zisihesabiwe zimetumika mpaka wanaokanyaga matope waseme matope yamekwisha. Na lori lisipofika kwa saa iliyokubaliwa, mkulima awe huru kumuuzia mwingine mchana kweupe, kwa mizani iliyokaguliwa, bila kuitwa mhalifu. Watu wenye busara kuliko mimi wameniambia kwamba nikiwaachia wakulima uhuru huo, kiwanda kitakufa kwa kukosa majani. Inawezekana. Hofu hiyo naielewa, nami ni mtu wa hofu. Lakini mama yangu hakukimbia kiwanda kwa kupenda pikapu. Siku lori lilipofika mapema, alikuwa wa kwanza mezani. Nadhani wengi wako hivyo.

Hakuna aliyefutwa. Ilichukua msimu mzima, barua tatu za kamati na mkutano mmoja wa makelele, lakini sasa kamati ya kituo chetu hutia saini karatasi ya mwenye lori kabla hajalipwa, na siku za Ijumaa lori hufika saa nane, mara chache saa tisa. Barabara iko vilevile. Kandarasi yangu haikuongezwa. Siku hizi ninafanya kazi mjini Kisii, chini ya kilima cha Nyanchwa, kwenye duka la kupigia chapa, nikiwaandikia watu barua za maombi na malalamiko, na bado ninaandika upya zaidi ya inavyohitajika. Mama hauzi tena soko huru. Ijumaa hupeleka majani kituoni, mimi hufunga duka mapema na kwenda nyumbani, na jua likizama sote wawili tumekwisha kuingia ndani.